Sinki la Terazo: Kulitengeneza, Kulikagua na Kulitunza

Sinki la kuoshea vyombo au kunawia mikono si lazima litoke kiwandani. Fundi mwashi mwenye ujuzi aweza kulitengeneza kwa terazo, yaani saruji iliyochanganywa na chenga za marumaru kisha ikasuguliwa hadi ikawa laini na kung'aa. Ufundi huu ulikuzwa na waashi wa Venice, nchini Italia, waliotumia mabaki ya marumaru ambayo yangetupwa.

Faida hiyo ingalipo: mabaki ya mawe hupata kazi, na sinki likikwaruzika husuguliwa upya badala ya kutupwa. Hata hivyo, uzalishaji wa saruji hutoa hewa ukaa nyingi. Manufaa ya sinki hili kwa mazingira yamo katika kudumu kwake. Likipasuka baada ya mwaka mmoja, mwenye nyumba amepoteza fedha, na saruji imetumika bure.

Utengenezaji

Fundi huanza kwa kujenga umbo la sinki kwa zege lenye wavu wa waya ndani yake, huku sehemu ya chini ikiinamishwa kuelekea tundu la kutolea maji. Juu ya zege hupaka tabaka la terazo, kwa kawaida sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 2 za chenga.

Hatua ifuatayo ndiyo hupuuzwa kwa urahisi. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ikiachwa juani bila kumwagiliwa, hupata nyufa. Kwa hiyo sinki lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa muda usiopungua siku 7. Baadaye husuguliwa kwa jiwe la kukwaruza, kisha kwa jiwe laini, maji yakimwagwa wakati wote. Kusugua kukavu hutoa vumbi la mawe ambalo, likivutwa mara kwa mara, huharibu mapafu ya fundi.

Ukaguzi

Kabla ya kumalizia malipo, yafaa mwenye nyumba akague mambo matatu.

Kwanza, uvujaji. Tundu lizibwe, sinki lijazwe maji na kuachwa usiku kucha. Asubuhi kina cha maji kiwe kilekile, na upande wa chini uwe mkavu. Uvujaji mdogo usipogunduliwa mapema hulowesha ukuta na kuuozesha taratibu.

Pili, mhimili. Bamba la zege lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 5 lina uzito wa takribani kilo 70, hata kabla ya kujazwa maji. Lahitaji kuta imara za tofali chini yake, si mbao nyembamba.

Tatu, bomba la kutolea maji. Chini ya sinki pawe na bomba lililopinda, ambalo hubakiza maji kidogo katika kona yake. Maji hayo huzuia harufu na wadudu kupanda kutoka shimoni hadi jikoni. Sinki likikaa muda mrefu bila kutumika, maji hayo hukauka. Kikombe kimoja cha maji kikimiminwa tunduni huyarejesha.

Matunzo

Marumaru na saruji huliwa na asidi. Juisi ya ndimu, siki na ukwaju visiachwe vikae juu ya sinki, na dawa kali za kusafishia choo zisitumike kabisa. Maji na sabuni ya kawaida vyatosha. Mafuta ya kupikia yasimwagwe ndani, kwa kuwa huganda na kuziba bomba.

Maji yaliyotumika yaelekezwe kwenye shimo la maji machafu, si kwenye mfereji wa mvua wala njia ya wapita njia. Sinki zuri ambalo maji yake hutuama mlangoni kwa jirani limehamisha uchafu tu, halijauondoa.