HATARI IMEPITA, MWILI BADO UNAOGOPA

Mwezi huu tuangalie tatizo lililomo katika familia nyingi za mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika. Mtu ameokoka katika dhoruba ziwani, amekimbia vita, au amefiwa na mwanawe ghafla. Miezi inapita, naye bado analalamika: moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, usingizi hakuna. Akipimwa, malaria haionekani. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba ni mvivu, au amerogwa.

Tukumbuke Mei 2015. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba iliwaleta Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kabla yao, mwaka 1996, wengi walivuka ziwa wakikimbia vita ya Kongo. Walifika salama, lakini miili ya baadhi yao iliendelea kukimbia.

Kwa nini iko hivyo?

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili uweze kujiokoa. Tukiona hatari, ubongo hutoa amri, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Hivyo mtu hupata nguvu za kukimbia au kupigana. Hatari ikiisha, mwili hutulia.

Lakini hatari ikiwa kubwa mno au ya muda mrefu, ubongo huweza kuendelea kutoa amri ile ile kwa jambo dogo tu: mlango kubamizwa, harufu ya moshi, mlio wa injini ya boti usiku. Maumivu hayo ni ya kweli. Si uvivu, si uchawi, wala si upungufu wa imani. Watoto nao huonyesha kwa njia yao: kukojoa kitandani, kumng'ang'ania mama, kukataa shule.

Tufanye nini?

1. Kwanza upimwe. Shinikizo la damu, upungufu wa damu na ugonjwa wa moyo huweza kuleta dalili kama hizo.

2. Keti, nyayo zote mbili zikanyage chini. Macho yawe wazi. Taja vitu vitano unavyoviona. Jiambie: "Leo niko hapa, niko salama."

3. Vuta pumzi polepole ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika tano, asubuhi na jioni. Pumzi ndefu ya kutoka huusaidia moyo kupunguza mwendo. Zoezi likikuletea hofu, liache, simama utembee kidogo.

4. Kaza misuli ya miguu, kisha iachie. Fanya hivyo kwa mikono na mabega.

5. Rudia kazi za kila siku: shamba, kutembea, kuimba kwaya. Kula na kulala kwa saa zile zile.

6. Epuka gongo, na usinunue dawa za usingizi dukani bila kuandikiwa na mganga.

Ninyi wa nyumbani, msimlazimishe mgonjwa asimulie yaliyompata. Akitaka kusema, msikilizeni bila kumkatiza. Sala humfariji, lakini haichukui nafasi ya matibabu.

Wengi hupata nafuu baada ya majuma machache. Dalili zikizidi mwezi mmoja, au mtu akishindwa kula, kulala na kufanya kazi, nendeni zahanati au hospitali. Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua ya ghafla nayo yasingoje.

Maswali ya Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyeitwa mvivu kumbe anaumwa?

2. Tutamsaidiaje juma hili?