Kibodi ya Simu na Usalama wa Kipimo cha Dawa
Mkoani Simiyu, kutoka Bariadi hadi Meatu, ujumbe wa simu huweza kumfikia mgonjwa kabla ya mhudumu wa afya. Nukta moja ikisahauliwa, mililita 2.5 za dawa ya mtoto husomeka 25, yaani mara kumi ya kipimo.

Simu ikishikwa wima, vitufe huwa vyembamba na kidole hugusa herufi jirani kwa urahisi. Ikilazwa, vitufe hupanuka na makosa hupungua, ila mikono yote miwili hutumika. Kuburuta kidole juu ya herufi hufaa kwa maneno ya kawaida, si kwa tarakimu wala majina ya dawa.

Kibodi ya Gboard ina Kiswahili, tena huruhusu safu ya tarakimu kuonekana wakati wote. Washa vyote viwili, kwani simu isiyojua Kiswahili huweza kuligeuza neno "homa" kuwa jingine.

Kidole gumba kikiuma, pumzika. Andika 0.5, wala si .5, kisha soma tarakimu kwa sauti kabla ya kutuma. Nawe mzazi, ukitilia shaka kipimo, piga simu uulize kabla ya kumnywesha mtoto.