Kutenga na Karantini: Maneno Mawili, Hali Mbili

Kiingereza cha tiba kina maneno mawili yanayokaribiana kimaana: "isolation" na "quarantine". Katika mazungumzo ya Kiswahili, yote mawili mara nyingi huitwa karantini. Mkanganyiko huo si wa lugha pekee, kwani waweza kumlaza mtu asiye na ugonjwa kando ya mgonjwa anayeambukiza.

Neno la kwanza lina shina la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Kitabibu, ni kumtenga mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, au mwenye dalili zake, ili atibiwe bila kuwaambukiza wengine.

Neno la pili limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru wasafiri waliotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye muda huo uliongezwa katika bandari mbalimbali ukawa siku 40, na hapo ndipo jina lilipopatikana. Wasafiri hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu waliosubiriwa kuonekana kama wangeugua. Hiyo ndiyo maana ya karantini hata leo: kumzuia kwa muda mtu aliyekaribiana na ugonjwa ilhali hana dalili.

Kwa ufupi, anayetengwa anaumwa au ana dalili. Anayewekwa karantini ni mzima, ila huenda ameambukizwa.

Muda nao hutofautiana. Kutengwa hukoma mgonjwa asipoweza tena kuambukiza. Karantini hukoma unapokwisha muda mrefu zaidi ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini kabla ya kujitokeza. Kwa homa ya Marburg, iliyotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023, muda huo ni siku 21. Ndiyo maana watangamano, yaani waliokaribiana na wagonjwa, hupimwa joto na kuulizwa hali zao kila siku kwa siku hizo zote.

Lipo kundi la tatu linalohitaji uangalifu: wahisiwa, wenye dalili ambao majibu ya vipimo vyao hayajatoka. Hawa hutengwa, lakini kila mmoja peke yake, wala hawachanganywi na waliothibitika. Homa ya mhisiwa yaweza kuwa malaria tu. Akilazwa pamoja na mgonjwa wa Marburg, ataingia na ugonjwa mmoja na kupata wa pili.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, neno lisiloeleweka huzaa hofu, na hofu humfanya mtu ajifiche. Mhudumu wa afya atamsaidia mtangamano akimwambia: "Mama, hatujaona ugonjwa kwako. Tutakufuatilia siku 21. Ukihisi homa, tuarifu mara moja usiguswe na mtu." Kwa mgonjwa atasema: "Mzee, unaumwa ugonjwa unaoambukiza. Utakaa chumba cha peke yako, nasi tutakuhudumia humo mpaka vipimo vionyeshe kuwa ni salama kurudi nyumbani."

Kauli hizo mbili hazibadilishani nafasi. Anayezisikia ana haki ya kuuliza ni ipi inayomhusu, na kwa siku ngapi.