Mtoto Anapopigwa Eksirei ya Meno: Maelezo kwa Wazazi na Walezi

"Meno ya utoto yatang'oka tu, picha ya nini?" Madaktari wa kinywa na meno wamelizoea swali hili. Magego ya utoto hugusana ubavu kwa ubavu, na uozo hupenda kuanzia hapo palipobanana, ambapo jicho la daktari halifiki hata akitumia kioo na taa. Ganda la meno hayo ni jembamba, kwa hiyo uozo haukawii kufika kwenye kiini chenye neva, na hapo ndipo mtoto huanza kulia usiku. Tena gego la mwisho la utoto hukaa kinywani hadi mtoto afikie miaka 10 au 12.

Hata hivyo, picha haipigwi kwa mazoea. Daktari aangalie kinywa kwanza. Kama meno yameachana, pande zote zinaonekana na hakuna dalili ya ugonjwa, picha haihitajiki. Mtoto ambaye meno yake huoza mara kwa mara anaweza kupigwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mwenye meno salama, mwaka mmoja hadi miwili. Ukiambiwa kwamba kila mtoto anayefika hapo lazima apigwe, uliza sababu.

Mionzi

Picha moja ndogo ya ndani ya kinywa ina mionzi inayokaribia ile ambayo sote tunaipata kwa siku moja hivi kutoka ardhini, hewani na angani. Ni kidogo, lakini mwili wa mtoto bado unakua, ndiyo maana mashine hupangwa kwa kipimo cha mtoto. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilishauri mgonjwa anayepigwa picha za meno asivishwe tena aproni ya risasi. Kliniki nyingi bado zinaivisha, na hakuna ubaya. La muhimu zaidi ni mashine iliyokaguliwa. Kwa Tanzania, leseni na ukaguzi wa mashine hizi ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Chumbani

Mtoto akianza kutaka kutapika kifaa cha picha kikiwa kinywani, mwambie apumue kwa pua, ainue mguu mmoja na kuutazama. Akihitaji kushikwa, ashikwe na mzazi aliyevaa aproni, si mhudumu. Mama mjamzito asishike. Akigoma kabisa, na hakuna dharura, rudini siku nyingine. Picha iliyotikisika haisomeki, na mionzi imeshapita bure.

Omba uonyeshwe picha

Kinachozuia mionzi huonekana cheupe. Ganda la jino ni jeupe, sehemu iliyo chini yake ni ya kijivu, kiini ni cheusi. Uozo ni kivuli cheusi kinachoingia kutoka ubavuni, na kwa kawaida tundu halisi ni kubwa kuliko linavyoonekana pichani.

Chini ya gego la utoto utaona duara jeusi, na ndani yake kitu cheupe kama kofia. Wazazi wengi hushtuka wakidhani ni uvimbe, kumbe ni jino la ukubwani linalojengwa. Mizizi ya jino la utoto iliyofupika juu yake nayo ni ya kawaida, kwa kuwa huyeyuka kumpisha mgeni. Weusi ulio katikati ya mizizi ya gego lililotoboka ndio wa kutia wasiwasi: mara nyingi hapo pana maambukizi.

Kuna picha nyingine inayosikitisha, ya mtoto aliyeng'olewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga. Chonge za utoto hazipo, na pengine jino la ukubwani lililo jirani limeumbika vibaya. Kilichokwanguliwa kwenye fizi hakikuwa plastiki bali chonge changa ambayo haijakomaa. Homa na kuhara vya mtoto mchanga, vinavyosingiziwa meno hayo, vitibiwe kituo cha afya, na fizi zake zisiguswe.

Kabla hujaondoka kliniki, omba nakala ya picha na uiandikie tarehe. Ukihamia kliniki nyingine, ipeleke, mtoto asipigwe tena picha aliyokwisha kupigwa.