MSAADA HUFAA UKIWAHI

Ndugu Muislamu, fahamu ya kwamba kutoa ni jambo moja, na kutoa kwa wakati wake ni jambo la pili. Wengi hulishika la kwanza wakaliacha la pili.

Tutazame yaliyowapata jirani zetu wa Somalia. Mvua za mwisho wa mwaka 2010 zilikosekana, na wajuzi wakatoa onyo mapema. Za masika ya 2011 nazo hazikutosha. Tena palikuwa na vita. Al-Shabaab, waliotawala sehemu kubwa ya kusini, waliyazuia mashirika mengi ya msaada, na serikali tajiri zikachelea fedha zao zisiwaangukie wapiganaji. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa, na hapo ndipo fedha zilipomiminika. Hesabu iliyofanywa baadaye ilikisia kuwa walikufa watu wapatao 258,000, zaidi ya nusu yao watoto wasiotimia miaka mitano. Na karibu nusu ya maiti hao walikwisha kuzikwa kabla ya tangazo lile.

Msaada uliofika ulifaa. Palipokuwa na chakula sokoni na watu hawana cha kununulia, walipelekewa fedha kwa hawala, muamala ambao Waislamu waujua tangu kale. Na ukame uliporudi mwaka 2017, msaada ulitangulia, na baa likaepukwa.

Huenda mtu akasema: "Zaka yangu haijatimiza mwaka, nangojea Ramadhani." Jawabu ni kuwa imepokewa kwamba Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), alimtaka ruhusa aitangulize zaka yake, naye akamruhusu. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, aliyekwisha kumiliki nisabu yajuzu kuitanguliza zaka ya mwaka wake.

Ama kuihamisha zaka mji mwingine, qauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kuwa igawiwe pale ilipo mali, maadamu wapo wanaostahiki. Wako wanavyuoni wengine walioruhusu ihamishwe penye haja iliyo kubwa zaidi. Lakini sadaka haina mpaka wa mji wala wa mwezi.

Basi tusikiapo kwamba mvua zimekosekana au watu wamekimbia vita, tusingoje picha za watoto waliokonda. Tumtafute mwaminifu wa kuifikisha amana, tutoe siku hiyo hiyo. Ramadhani ina fadhila zake, lakini mwenye njaa hawezi kungoja mwezi uandame.

Wabillahi tawfiq.