SOMO: LEUKOSITE NDANI YA MKOJO



Mama anatoka labo, anafungua fishi yake, anasoma: «Leukosite ++». Haelewi. Jirani anamwambia: «Ni kansa ya damu.» Mwingine anasema: «Bwana yako amekuletea ugonjwa.» Jioni ugomvi unaingia nyumbani, na kesho yake mama ananunua vidonge sokoni. Ni juu ya hiyo tunaandika somo hili.

1. Leukosite ni nini?

Damu yetu iko na chembe nyekundu na chembe nyeupe. Leukosite ni zile nyeupe. Mungu alituumbia hizo kama walinzi wa mwili. Zinatengenezwa ndani ya mifupa. Mikrobe ikiingia mahali, zinakimbilia pale kupigana nayo. Usaha unaoona ku kidonda, sehemu kubwa ni leukosite zilizokufa vitani.

Ukiona watu wanakimbia na ndoo za maji kwenda Kalundu, unajua kuna moto kule. Lakini wenye ndoo sio moto. Vilevile leukosite sio ugonjwa. Ni alama tu kwamba muganga atafute.

2. Tusichanganye majina

«Leuko» ni neno la Kigiriki, maana yake nyeupe. Kwa hiyo majina mengi yanafanana:
– Leukosite: chembe nyeupe za damu.
– Leukore: maji meupe yanayotoka ukeni.
– Leusemi: kansa ya damu. Hiyo inatafutwa ndani ya damu, si ndani ya mkojo.

3. Sababu gani ziko ndani ya mkojo?

Chache sana ni kawaida. Misalaba ikiongezeka (+, ++, +++), leukosite nazo zimeongezeka. Mara nyingi mikrobe imeingia ku kibofu. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, karibu sentimetre 4, tena iko karibu na njia ya choo kikubwa. Basi hata mama mwaminifu, hata mtoto msichana, anaweza kupata.

Pengine ni ugonjwa wa zinaa. Hapo muganga atatunza mke na mume pamoja. Lakini msalaba wa fishi peke yake hausemi nani amekosa. Msigombane juu yake.

Pengine pia ni maji ya uke yaliyoanguka ndani ya kopo. Basi chukua mkojo hivi: nawa vizuri, acha wa kwanza uanguke chini, pokea wa katikati ndani ya kopo safi, upeleke labo mara moja.

4. Mama mwenye mimba

Wakati wa mimba njia za mkojo zinalegea, na tumbo linazibana; mkojo unakawia ndani. Mikrobe inaweza kupanda mpaka ku figo, hata kama mwanzoni mama hakusikia uchungu. Mtoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati wake. Ndiyo sababu tunaomba mkojo hata kwa mama anayejisikia muzima.

Usinunue dawa sokoni. Tetrasikline, kwa mfano, inaweza kuharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Kunywa dawa ile muganga amekupa, uimalize yote, hata kama uchungu umekwisha.

5. Tujilinde namna gani?

– Kunywa maji mengi. Maji ya ziwa au ya mto uyachemshe kwanza, juu ya kolera.
– Usizuie mkojo, hata ukiwa sokoni au shambani.
– Ukitoka choo, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma.
– Ukiisha kulala na bwana, kojoa.
– Usioshe ndani ya uke kwa sabuni wala kwa dawa ya majani.

Ukisikia homa, kutetemeka, maumivu ya ubavu au kutapika, usingoje siku ya kliniki. Kuja siku ile ile, hata usiku.

MAULIZO

1. Leukosite inafanya kazi gani mwilini?
2. Leukosite na leukore ni kitu kimoja?
3. Jirani yako mwenye mimba ameona «++» ku fishi yake, na anataka kwenda sokoni kununua dawa. Utamwambia nini?