MWANDIKO KAMA MWENDO: MISINGI YA GRAFONOMIA NA NAFASI YAKE KATIKA TAALUMA YA KISWAHILI

1. Utangulizi

Mwanaisimu anapoutazama mwandiko, aghalabu huona alama zilizokwisha kutulia kwenye karatasi. Hata hivyo, kabla ya kuwa alama, mwandiko ni mwendo wa vidole, kiganja na mkono unaoongozwa na ubongo. Taaluma inayochunguza mwendo huo, pamoja na ule wa uchoraji, huitwa grafonomia. Istilahi hii ilianza kutumiwa na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 1980. Makala haya yanafafanua misingi ya taaluma hiyo na kuonyesha inapokutana na Kiswahili.

Ni muhimu kutenganisha dhana mbili. Grafonomia si grafolojia. Grafolojia, kwa maana yake maarufu, hudai kuwa umbo la herufi hufichua tabia ya mwandishi, dai ambalo majaribio ya kisayansi hayajalithibitisha. Isitoshe, katika elimumitindo neno hilohilo hutumiwa kurejelea sura ya matini, kama vile mpangilio wa mishororo na matumizi ya herufi kubwa. Mwanafunzi asipotahadhari atazichanganya dhana hizi.

2. Misingi ya Grafonomia

Kipashio cha msingi cha mwandiko ni mpigo, yaani kipande cha mwendo kilicho baina ya nukta mbili ambapo kalamu hupunguza kasi. Kwa mwandishi mzoefu, mpigo mmoja huchukua takriban milisekunde 100. Muda huu ni mfupi mno kwa jicho kuona kosa na mkono kulirekebisha papo hapo. Inabainika basi kuwa ubongo huandaa mwendo kabla haujatendeka. Anayeanza kujifunza, kwa upande mwingine, huivuta herufi polepole huku kasi yake ikipanda na kushuka mara nyingi ndani ya mpigo mmoja.

Watafiti wamebaini kanuni kadhaa. Kwanza, mtu anapoandika neno kwa herufi kubwa zaidi, muda hauongezeki kwa kadiri ya ukubwa, kwa sababu kasi nayo huongezeka. Jambo hili lilikwisha kuonwa na Binet na Courtier nchini Ufaransa mwaka 1893. Pili, kalamu hupunguza mwendo penye mpindo mkali na kuharakisha penye mstari ulionyooka. Mwaka 1983 Lacquaniti, Terzuolo na Viviani waliueleza uhusiano huu kwa kanuni ya kihisabati. Tatu, mtu aandikapo kwa kalamu karatasini au kwa chaki ubaoni, mwandiko wake hubaki kutambulika ingawa misuli inayotumika ni tofauti. Kinachohifadhiwa ubongoni, kwa hivyo, si amri kwa misuli fulani tu bali pia umbo la jumla la mwendo.

Vipimo hivi hupatikana kwa kibao cha kielektroniki kinachonasa mahali ilipo ncha ya kalamu mara 100 au zaidi kwa sekunde, pamoja na mgandamizo wake.

3. Afya na Sheria

Manufaa ya taaluma hii yanadhihirika hospitalini na mahakamani. Wagonjwa wengi wa Parkinson huandika herufi ndogo zinazozidi kudidimia kadiri sentensi inavyoendelea. Kwa baadhi yao dalili hii hutangulia nyinginezo. Aidha, daktari humwomba mgonjwa achore mchoro wa mzunguko kama konokono ili kupima mtetemeko wa mkono.

Ama kuhusu sahihi, mghushi huweza kuliiga umbo lakini hutatizika kuuiga mwendo. Mistari yake huwa na kusitasita, na kalamu huinuliwa pasipostahili.

4. Nafasi katika Kiswahili

Kiswahili kina utajiri wa pekee kwa utafiti huu kwa kuwa kimeandikwa kwa hati mbili. Hati ya Kiarabu, iliyohifadhi tenzi za kale, huenda kutoka kulia hadi kushoto, huunganisha herufi, na kwa kawaida nukta hutiwa baada ya kiunzi cha neno kukamilika. Hati ya Kilatini hufuata mkondo wa kinyume. Mwendo wa mwandishi wa kale haupo tena, lakini wino uliosalia, unene wa mstari na mahali kalamu ilipoinuliwa ni ushahidi unaoweza kumsaidia mhakiki kupambanua mikono ya wanakili katika mswada mmoja.

Suala nyeti zaidi ni la shule. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza vibao vya kielektroniki kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Mwaka 2005 Longcamp na wenzake, wakiwachunguza watoto wa umri wa miaka 3 hadi 5 nchini Ufaransa, walionyesha kuwa miongoni mwa wale wakubwa, waliojifunza herufi kwa kuziandika kwa mkono walizitambua vyema zaidi kuliko waliojifunza kwa kuzibonyeza. Mkono, basi, hulifunza jicho kusoma. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto asiyepewa penseli mapema huenda akapoteza zaidi ya hati nzuri.

5. Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa mwandiko ni tendo la mwili na ubongo sawa na matamshi. Fonetiki hupima mwendo wa ulimi. Ni haki mwendo wa mkono nao upimwe. Wanafunzi wa Kiswahili wana nyanja mbili ambazo bado zinahitaji kulimwa: ujifunzaji wa hati miongoni mwa watoto, na uchunguzi wa miswada ya hati ya Kiarabu.